Muulize Ami wa Fremu: Wafalme wa Watu Katika Magazeti ya Enzi za Malkia Victoria

Toleo lililopita nilimjibu msomaji kuhusu picha za zamani zilizokatwa kwenye magazeti ya London ya enzi za Malkia Victoria, zile ambazo bado unaweza kuzikuta katika maduka ya vitu vya kale hapa Mji wa Kale wa Mombasa. Nikasema, kwa kupita tu, kwamba ukitaka kujua Uingereza ilikuwa inataka nini mwaka fulani, tazama ilivyomchora mfalme wa watu, yaani wa nchi nyingine, mwaka huo. Basi! Barua zimejaa mpaka droo yangu ya misumari haifungiki. Nimechagua chache. Walioniuliza bei za fremu wapite dukani, huku si mahali pake.

*

Assalaam aleikum Ami. Marehemu babu yetu alikuwa karani wa meli, na katika kasha lake tumekuta picha ya wino mweusi: mtu mwenye ndevu amesimama, upande mmoja dubu, upande wa pili simba. Chini kuna maneno ya Kiingereza kuhusu marafiki. Mjomba ashikilia kwamba huyo ni Sultani wa Zanzibar. Ni kweli? Na nitajuaje kama ni ya asili au ni nakala ya juzi?
Msomaji, Kibokoni

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mwambie mjomba, kwa adabu zote, kwamba huyo si Sultani wetu. Huyo ni Sher Ali Khan, Amiri wa Afghanistan, na picha ilitoka katika Punch, gazeti la mzaha la London, la tarehe 30 Novemba 1878. Mchoraji ni John Tenniel. Maneno ya chini ni kilio cha Amiri mwenyewe: "Niokoeni na hawa marafiki zangu!" Dubu ni Urusi, simba ni Uingereza.

Mwaka ule Warusi walipeleka ujumbe Kabul, na Amiri akaupokea bila kuupenda. Waingereza walioshika India wakaingiwa na wasiwasi, wakapeleka ujumbe wao, nao ukarudishwa kwenye njia ya Khyber mwezi wa Septemba. Tarehe 21 Novemba majeshi ya Kiingereza yakavuka mpaka. Kwa hiyo siku gazeti lilipotoka, simba hakuwa tena ubavuni mwa mtu akimkodolea macho, alikuwa ameshaingia ndani ya nyumba. Ndiyo maana picha hii naipenda na kuikasirikia kwa wakati mmoja. Tenniel ameona ukweli kwamba urafiki wa wakubwa ni balaa, lakini amemweka simba wake sawa na dubu, kana kwamba wote wawili bado wangoja mlangoni. Sher Ali alikimbilia kaskazini, akafia Mazar-i-Sharif mwezi wa Februari 1879.

Sasa, uasili wake. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoto vidogovidogo vilivyojipanga, hiyo ni nakala ya mashine ya siku hizi. Picha ya asili ina mistari mizima, myeusi, iliyokatwa kwa mkono. Tafuta pembe ya chini: Tenniel alikuwa akizifunganisha herufi J na T kuwa alama moja, na mara nyingi pembe nyingine utaona jina la Swain, bwana aliyekuwa na karakana ya wachongaji. Halafu igeuzegeuze kwenye mwanga uone kama kuna mstari mweupe mwembamba, kama unywele, uliopita katikati ya picha. Watu huleta picha dukani wakilalamika kwamba mstari huo ni ila. Si ila hata kidogo! Picha zile zilichongwa juu ya boksiwudi, mti mgumu sana lakini usionenepa, kwa hiyo kibao kikubwa kiliunganishwa kwa vipande vidogo vilivyobanwa kwa bolti. Kazi ikiwa ya haraka, vipande viliachanishwa, kila mchongaji akachukua chake, kisha vikarudishwa pamoja. Pale vilipokutana ndipo pana huo unywele. Mimi nikiuona, moyo hutulia.

Usiipige laminesheni, nakusihi. Wala usiibandike kwa gundi. Hewa yetu ya chumvi na ukungu zinatosha kuwa maadui.

*

Shikamoo Ami. Mimi ni mwanafunzi na napenda kuchora katuni. Nataka kujua ni nani aliyeamua mfalme gani achorwe wiki ile, na kwa ubaya gani. Ni mchoraji mwenyewe? Na je, aliwaona hao wafalme kwa macho yake?
Mwanafunzi, Majengo

Marahaba. Swali lako ni la mtu wa kazi, nami nitalijibu kwa urefu.

Punch lilianza London mwezi wa Julai 1841, likauzwa peni tatu, likijiita pia "Charivari ya London" kwa sababu liliiga gazeti la mzaha la Paris lenye jina hilo. Kila wiki lilikuwa na picha moja kubwa ya siasa, nayo haikuwa mali ya mchoraji. Jumatano usiku wahariri na waandishi walikutana mezani, wakala, wakavuta sigara, wakabishana: wiki hii tumpige nani? Mara nyingi wazo lilitoka kwa mwandishi, na mchoraji akapewa aende nalo. Alhamisi Tenniel alichora rasimu. Ijumaa aliihamisha kwenye kibao, kinyumenyume, ili ikipigwa chapa itoke sawa. Jioni kijana wa karakana ya Swain alikuja kukichukua, wachongaji wakakesha. Gazeti liliingia mtaani Jumatano iliyofuata, likiwa na tarehe ya Jumamosi.

Hapo kuna mtego. Ukiamua Jumatano hii kitakachosomwa Jumatano ijayo, huna budi kukisia. Februari 1885 kila mtu London alikuwa akingoja habari kwamba Jenerali Gordon, Mwingereza aliyezingirwa na maadui Khartoum, Sudan, ameokolewa. Punch likachora Gordon akipokea waokoaji wake, likaandika "Hatimaye!" Toleo lina tarehe 7 Februari. Khartoum ilikuwa imeanguka tangu 26 Januari, na Gordon ameshauawa. Wiki iliyofuata likatoa picha nyingine: "Mmechelewa!" Tangu niisome habari hiyo, kila nikitazama mfalme aliyechorwa kwa kujiamini sana najiuliza kwanza habari ilikuwa na umri wa siku ngapi.

Kuhusu kuwaona: Tenniel hakuwa mtu wa kukaa mbele ya wafalme na penseli. Jicho lake la kulia alilipoteza ujanani, akicheza upanga na babake, na alijulikana kwa kuchora kutoka kichwani. Alikumbuka sura, akasaidiwa na picha za kamera kwa mavazi na nyuso. Alichorea Punch picha kubwa zaidi ya 2,000, tangu alipoingia mwishoni mwa 1850 mpaka alipostaafu mwanzoni mwa 1901. Hesabu mwenyewe ni wafalme wangapi waliopita kwenye jicho lile moja.

Na maneno ya chini, usiyaruke. Yanafanya kazi ya jina la leso: bila kuyasoma unaona nakshi tu, ukiyasoma ndipo unajua ni nani anayesemwa.

*

Bwana Fundi, salamu. Sisi wazee wa baraza fulani Likoni tunabishana. Mmoja asema Waingereza walimwonea zaidi Napoleon, mwengine asema Kaizari wa Ujerumani. Mimi nasema Mrusi. Tukate shauri.
Mzee wa Likoni

Mzee wangu, ukitaka ukali wa picha moja tu, umeshinda. Nitasema kwa nini, lakini uwape wenzako kahawa, kwa sababu nao wana lao.

Wakati wa vita vya Crimea, Uingereza na Ufaransa zikipigana na Urusi, Tsar Nicholas wa Kwanza, mfalme wa Urusi, alitajwa kuwa alisema Urusi ina majenerali wawili wa kuaminika: Jenerali Januari na Jenerali Februari. Maneno ya kibri, na yenye ukweli wa kuuma, kwa sababu baridi na maradhi viliua askari wengi wa Kiingereza huko kuliko risasi. Kisha Tsar mwenyewe akashikwa na homa ya mapafu, akafariki tarehe 2 Machi 1855. Kwa kalenda ya Kirusi ya siku zile, hiyo ilikuwa bado Februari. Tarehe 10 Machi John Leech akatoa picha yake. Mfalme amelala kitandani. Juu yake ameinama mifupa mitupu iliyovalishwa sare ya jenerali, theluji ikimwagika, na mkono wa mifupa umewekwa juu yake, taratibu, kama daktari anayepima mapigo. Chini: "Jenerali Februari Amegeuka Msaliti."

Kumcheka maiti! Kwetu mtu akifa tunasema Mungu amrehemu kisha tunakaa kimya, hata kama marehemu alituibia kiwanja. Leech hakukaa kimya. Lakini nisikilize: katika picha nyingi za vita vile Mrusi ni dubu tu, manyoya na kucha. Hapa, kwa mara moja, ni mtu, ana kitanda, anakufa. Ubaya wake ndio uliompa ubinadamu. Nimeitia fremu mara kadhaa na sijaizoea bado. (Leech, kwa anayetafuta alama yake, wakati mwingine alitia sahihi kwa kuchora ruba ndani ya chupa, kwa vile jina lake ndilo jina la mdudu huyo kwa Kiingereza.)

Napoleon yupi, lakini? Yule mkubwa alichorwa na Waingereza wa kabla ya Victoria. Wa Punch ni mpwa wake, Napoleon wa Tatu, naye ndiye somo zuri kuliko wote, kwa sababu alibadilishwa sura kila walipobadilisha nia. Bwana huyu aliwahi kuishi London uhamishoni, na 1848 alijiandikisha hata kuwa konstebo wa kujitolea mjini humo. Alipojitangaza mfalme mkuu wa Ufaransa, kule Punch alikuwa laghai mwenye masharubu yaliyopakwa nta. Ikaja Crimea, Ufaransa ikawa mshirika, na Aprili 1855 akakaribishwa Windsor akavikwa nishani ya Garter, ile wanayoienzi kuliko zote. Masharubu yakapungua urefu. Miaka minne haikupita vizuri akaanza kukusanya majeshi kwa ajili ya vita vya Italia, Waingereza wakaogopa kwamba zamu yao yaja. Tarehe 19 Februari 1859 Tenniel akamgeuza nungunungu, na kila mwiba ni singe ya bunduki. Maneno yakasema huenda ni mnyama asiyedhuru, lakini haonekani hivyo. Mwaka 1870, akielekea kushindwa na Waprusia, wakachora mzimu wa ami yake ukimzuia njiani. Sasa wamemhurumia! Alipoanguka alikwenda kuishi Uingereza, akafia huko Januari 1873.

Mtu ni yuleyule. Mwiba na huruma vilikuwa vya London.

Kaizari Wilhelm wa Pili naye ana picha inayojulikana kuliko zote, na watu wa bandari mtaielewa bila mkalimani. Machi 1890 alimwondoa Bismarck, waziri wake mzee aliyeijenga Ujerumani. Tarehe 29 Machi Punch likatoa picha ya kurasa mbili: mzee Bismarck amevaa kama rubani wa meli, anashuka ngazi ya ubavuni, mkono ukiegemea mbao, na juu kabisa kijana mwenye taji ameegemea ukingo akimtazama anavyokwenda. "Kumshusha Rubani." Hakuna mnyama, hakuna mifupa, hakuna aliyetukanwa. Lakini sisi twajua rubani hushuka meli ikishatoka kwenye miamba. Huyu ameshushwa wapi? Hilo Tenniel hakulisema, akamwachia bahari. Lord Rosebery, mwanasiasa wa Uingereza, aliununua mchoro wa asili akampelekea Bismarck, naye inasemekana aliupenda.

Kaizari, tusisahau, alikuwa mjukuu wa Malkia Victoria, mtoto wa bintiye. Mgeni gani huyo? Lakini 1892 alipokasirishwa na Punch, gazeti lilimjibu kwa kumchora mtoto mtukutu mezani, anayepiga kelele aondolewe hiyo Punch, haitaki leo.

*

Ami, nimesoma majibu yako mwezi uliopita, na nina swali ambalo naona umelikwepa. Wazungu kwa Wazungu wanataniana, sawa. Wafalme wetu je? Waafrika na Waislamu walichorwaje? Usitupambie.
Dada wa Tudor

Sikukwepa, binti yangu, nilikuwa nakungoja wewe.

Tuanze na jirani. Seyyid Barghash wa Zanzibar alifika London Juni 1875, miaka miwili tu baada ya kushurutishwa kufunga soko la watumwa. Alipokewa Windsor, akazungushwa viwandani na hospitalini, na magazeti ya picha kama Illustrated London News yakamchora mgeni wa heshima. Heshima ile ilikuwa na bei, naye aliijua. Kinachonifurahisha ni kwamba safari hiyo iliandikwa pia na mtu wa upande wetu: Zahir bin Said, aliyekuwa katika msafara, aliandika kwa Kiarabu kitabu kizima cha waliyoyaona, kikapigwa chapa London 1878. Wao walitutazama, nasi tulikuwa tunawatazama.

Sasa Cetshwayo, mfalme wa Wazulu. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi lake lilivunja kambi ya Waingereza huko Isandlwana, zaidi ya 1,300 wakafa upande wa Waingereza. Tarehe 1 Machi Tenniel akachora "Somo": shujaa wa Kizulu anaandika ubaoni "Usimdharau adui yako", na John Bull, yule bwana mnene ambaye ndiye Uingereza, amekaa kama mwanafunzi. Wengi husema ni picha ya heshima. Ni heshima, ndiyo, ila ni ya mwalimu ambaye mwanafunzi ameshapanga kumchapa. Julai mji wa Cetshwayo ukachomwa, Agosti akakamatwa. Kisha 1882 akaletwa London kuomba ufalme wake, akakutana na Malkia, watu wakajazana barabarani kumshangilia, na gazeti la Vanity Fair likamtoa kwa rangi katika toleo la tarehe 26 Agosti, mchoraji akiwa yule aliyejiita Spy, maneno ya chini yakisema "Amerejeshwa". Hapo alipewa uso wake mwenyewe, si wa Mzulu yeyote. Adui alikuwa ameshakuwa mgeni, na mgeni ana uso.

Nikuambie ninachokiona nikizipanga mezani. Mfalme wa Ulaya huchorwa kwa kosa lake: kiburi cha huyu, masharubu ya yule, woga wa mwingine. Mfalme wa kwetu au wa Asia mara nyingi huchorwa kwa vazi lake. Mvulie kilemba na joho, hujui ni nani. Hata Sultan Abdul Hamid wa Istanbul, ambaye sura yake ilijulikana dunia nzima, mwaka 1896 alichorwa akisoma tangazo kwamba dola yake itageuzwa kampuni, na Urusi, Ufaransa na Uingereza ndizo wakurugenzi, naye akijiuliza kama watampa kiti katika bodi. Kichekesho kizuri, na mauaji ya Waarmenia ya miaka ile yalimstahilisha makali zaidi ya hayo. Lakini tazama ni nani anayetangaziwa mnada, na ni nani anayeandika tangazo.

Ila picha zinazoniudhi kuliko zote hazina mfalme ndani yake. Ziko mbili, na zote zinapita mlangoni kwetu. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile ya Sir William Mackinnon ambaye jina lake mmelisikia Marikiti, ilikuwa na makao yake hapa Mombasa, na kufikia 1892 ilikuwa imefilisika katika Uganda. Tarehe 22 Oktoba mwaka huo Punch likachora ndovu mweupe aitwaye Uganda, mwenye ndovu akimsihi John Bull amchukue kwa sababu yeye hamwezi. Tarehe 21 Aprili 1894 likachora tena: John Bull anafungua mlango asubuhi, amekuta kitoto cheusi kimetupwa kizingitini, kimeandikwa Uganda. "Ati mwengine tena! Haya, nadhani itanibidi nimchukue."

Mwaka huo wa 1894 Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwepo. Jina lake Mwanga, alikuwa na ikulu, mawaziri, jeshi na mitumbwi ya vita ziwani, na nasaba inayohesabiwa vizazi kwa vizazi. Unaweza kumpenda au kumchukia, na walioteswa naye wana haki yao. Lakini katika picha zile mbili hayumo. Hakuchorwa dubu, hakuchorwa nungunungu, hata mwizi hakuchorwa. Mahali pake pana mnyama wa kuuzwa na mtoto wa kuokotwa. Napoleon wa Tatu na miiba yake alitambuliwa kwamba yupo. Mwaka uliofuata, 1895, ukanda wetu huu wa pwani ukatangazwa eneo la himaya huku bendera nyekundu ya Sultani ikiachwa ipepee juu ya Ngome ya Yesu, kwa kodi ya kila mwaka. Nayo ilikuwa aina ya katuni, ila ilikaa hadi 1963.

Nimekupambia?

*

Ami, na wao je? Malkia wao alichorwa? Na hakuna mfalme aliyeshtaki?
Msomaji, Kuze

Wa kwao walimchora, ila kwa glavu. Alipojifungia kwa miaka akimlilia mumewe, Punch la Septemba 1865 lilimchora sanamu inayoambiwa ishuke, isiwe jiwe tena. Alipotaka kuitwa malkia mkuu wa India, mwezi wa Aprili 1876 Waziri Mkuu Disraeli alichorwa kama yule mchawi wa hadithi ya Aladini, anabadilisha mataji mapya kwa ya zamani. Mchawi alikuwa Disraeli. Malkia alibaki mteja tu, na mwenye sura nzuri.

Glavu zilivuliwa ng'ambo. Vita vya Waingereza na Makaburu wa Afrika Kusini vilipochacha, wachoraji wa Paris walimwandama Mwingereza bila huruma. Septemba 1901, Victoria akiwa ameshafariki, Jean Veber alichora katika gazeti la L'Assiette au Beurre mwanamke Uingereza ameinua nguo kwa nyuma, na kwenye makalio yake kuna uso wa Mfalme Edward wa Saba. Serikali ya Ufaransa ikashtuka, na matoleo ya baadaye yakapigwa chapa mwanamke akiwa ameongezwa sketi. Nakala zote mbili zinatafutwa na wakusanyaji, msiniulize ipi zaidi.

Kushtaki, ndiyo, na kwa wenyewe Wafaransa. Charles Philipon alifikishwa mahakamani Paris Novemba 1831 kwa kumkashifu Mfalme Louis-Philippe. Akajitetea kwa penseli: akachora uso wa mfalme hatua nne, wa kwanza sura kamili, wa nne tunda la pea, lile la nchi za baridi lenye kichwa chembamba na mashavu chini. Akauliza ni hatua ipi hasa iliyo kosa. Walimfunga, lakini pea ilichorwa kwenye kuta za Paris nzima. Mfalme yule alipopinduliwa 1848 alitorokea Uingereza kwa jina la Bwana Smith.

Nasi Mvita hatukungoja magazeti. Mshairi wetu Muyaka bin Haji alikuwa akiwarushia Mabusaidi, ukoo wa masultani wa Zanzibar, mashairi kwa upande wa Wamazrui waliotawala Mombasa, kabla Punch halijazaliwa. Hakuhitaji kibao wala mchongaji, ila wenye kukumbuka.

*

Ami, nina picha ya Mfalme Leopold akiwa nyoka wa mpira anamnyonga mtu wa Kongo. Mke wangu asema isitundikwe sebuleni, watoto wataota. Wewe wasemaje?
Baba wa Bamburi

Hiyo ni ya Linley Sambourne, Punch la tarehe 28 Novemba 1906, kwa hiyo enzi ya Victoria ilikuwa imeshapita. Ni kali, na haki yake. Mwili ni nyoka wa mpira, kichwa ni cha Leopold wa Pili mwenyewe, na taji lake. Angalia tu kwamba Mwingereza aliiona Kongo vizuri sana kwa sababu haikuwa yake.

Kuhusu sebule, mkeo ana kauli. Itundike kwenye ukumbi au chumba cha kusomea, ukuta usiopigwa na jua la asubuhi, kioo kisiiguse karatasi, na nyuma uache nafasi hewa ipite kwa sababu ya ukungu. Chini yake bandika kadi yenye tarehe, mwaka na sababu, ili mtoto akiuliza asijibiwe "ni nyoka tu". Ukiileta, njoo baada ya Alasiri, asubuhi niko kwa seremala.